Alibatizwa Akiwa Amelala

Mume wangu hakuwahi kuvua kofia mtu akiomba. Watu wa Asembo Bay walilijua hilo juu yake kabla hawajajua kwamba ni fundi wa mashua. Huku kwetu mashua mpya haiingii ziwani bila maombi. Mwenye mashua anamwita mchungaji, watu wanashika mbao pande zote, na sisi wanawake wa samaki tunasimama nyuma na mabeseni yetu. Mume wangu, ambaye mashua yenyewe ilikuwa kazi ya mikono yake, alikuwa anasogea kando, anakaa juu ya gogo, kofia kichwani, anangoja wamalize.

"Jaduong'," mchungaji mmoja alimwambia, kwa ile heshima ya kumwita mzee, "vua basi hiyo kofia, hata kama ni kwa ajili ya mashua."

"Hii mashua nimeipigilia misumari nikiwa na kofia. Haijalalamika."

Watu walicheka, na mchungaji pia alicheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa kanisa tangu utotoni, na shule niliyosoma ni ile ya kuniwezesha kusoma Maandiko na kuandika jina langu, basi. Nilijua anakokwenda mtu asiyeamini, kwa sababu nilifundishwa, na sikufundishwa kwa upole. Nililala na mtu huyo kitanda kimoja maisha yangu yote nikijua hivyo. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini haamini. Alinijibu vilevile kila mara: "Sijaona." Hakusema Mungu hayupo. Hakunikataza kanisa. Mvua ikinyesha na njia ikajaa tope, alinibebea viatu vya Jumapili mpaka mlangoni pa kanisa, akanipa, akageuka.

Tulizaa watoto wengi, waliobaki ni wawili. Msichana ndiye wa kwanza, mvulana ndiye wa mwisho. Walibatizwa kanisa moja, na katekista mmoja, maji kutoka karai moja. Nyimbo walizofundishwa ni zilezile, na mimi niliyewachapa kwa kukosa kanisa ni yuleyule. Ndiyo maana watu wakiniuliza kwa nini Mkristo huyu anakaa vizuri na asiyeamini na yule hawezi, sina maneno. Nimewazaa wote wawili na bado sijui.

Mvulana alikua akifanya kazi na baba yake pale ufuoni. Ni mtu wa maombi, anaimba kwaya, lakini sikuwahi kumsikia akimwambia baba yake neno moja juu ya wokovu. Nilimwuliza kwa nini. Alisema, "Mama, mimi namjua Baba. Mungu si anamjua kunizidi?" Kisha akaendelea kula.

Msichana aliolewa, akahamia Mamboleo, anauza nguo za mitumba pale njia panda. Huko akaingia kanisa jingine, la mabati mapya na spika kubwa. Akija nyumbani na watoto, anawaambia wasiguse chakula kwa meza ya babu yao mpaka wao wenyewe wakiombee, maana babu hataomba. Mjukuu mmoja alimwambia mzee hivyo usoni.

"Babu, wewe hauombi chakula. Mama amesema ni vibaya."

"Basi omba wewe," mzee akasema, "lakini harakisha. Huyu samaki anapoa."

Mtoto akafumba macho, akaomba maombi marefu kama ya askofu. Mzee akangoja mpaka amina. Hakugusa sahani. Binti yangu alikuwa mlangoni anaona yote hayo, na uso wake haukulegea hata kidogo.

Si kwamba hampendi baba yake. Hapo ndipo watu wanakosea. Nitasema kitu ambacho sisi huku hatupendi kusema. Binti yangu alifiwa na mtoto mchanga, wa kwanza wake, aliyezaliwa hapa nyumbani kwangu. Mtoto alikuwa hajabatizwa. Akina mama wa kanisa, wenzangu, watu ambao nimekaa nao benchi moja, hawakuja kumzika kwa yunifomu na ngoma, kama wanavyomzika mtu wa kanisa. Katekista alisema sheria ya kanisa ni sheria, aliyebatizwa anazikwa na kanisa, asiyebatizwa anazikwa na watu wake. Binti yangu alimwuliza, "Sasa mtoto wangu ameenda wapi?" Yule katekista akatazama viatu vyake. Kisha akaondoka.

Mume wangu ndiye aliyetengeneza kasanduku, kwa mbao laini za mashua. Alipiga randa siku nzima, ingawa kitu chenyewe kilikuwa kidogo cha kumalizika haraka. Alikaa na binti yake pale kaburini, kofia kichwani. Mimi nilidhani binti yangu angekumbuka nani alikaa naye siku hiyo. Alikumbuka lile swali. Tangu siku hiyo anakimbilia maji ya ubatizo. Watoto waliofuata walibatizwa kabla kitovu hakijakauka.

Kisha mzee akapigwa na kiharusi. Tulimpeleka hospitali Kisumu, wakatupa dawa, wakasema turudi naye nyumbani. Upande mmoja ulikufa. Maneno yalitoka mazito, na dawa zilimlaza mchana kama mtoto. Mvulana wangu ndiye aliyemwogesha. Alikuwa anamwogesha huku anaimba polepole nyimbo za kwaya, na mzee hakukataa. Siku moja nilimwona anapiga vidole kwa godoro kufuata wimbo. Nilitoka nje, nikalia kidogo, maana nilifikiri: labda. Labda Mungu anaingia kwa mlango huu.

Binti yangu naye alikuwa anakuja, na kila akija ni swali moja. "Baba, utabatizwa?" Mzee anatikisa kichwa. "Baba, muda umeisha." Mzee anafumba macho. Anamlisha uji kwa kijiko, anampangusa mdomo, anamwuliza tena. Uji alikunywa. Wakati mwingine alimshika mkono kwa ule mkono wake mzima, na hiyo ilikuwa nzuri.

Ilitokea siku ya soko. Mvulana alikuwa amekwenda Kisian kufuata dawa, mimi nimepeleka samaki. Binti yangu alisema atakaa na baba yake, nikashukuru. Niliporudi, nikiwa bado barabarani, nilisikia nyimbo na makofi ndani ya nyumba. Nikaingia na beseni kichwani. Chumbani kuna mchungaji wake wa Mamboleo, na wanawake wawili ambao siwajui, na binti yangu amepiga magoti, na ndoo yangu ya maji ya kunywa iko sakafuni, tupu. Mto umelowa. Godoro limelowa. Mzee amelala, maji yanamtiririka sikioni.

"Mama, piga vigelegele!" binti yangu akasema. "Baba ameokoka!"

"Ameokoka saa ngapi? Nimemwacha anakoroma."

"Mama," mchungaji akasema, "mwili ndio unakoroma. Roho inasikia."

"Roho yake ilikuambia nini?"

"Iliniambia yuko tayari."

"Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alikuambia nini?"

Akajipangusa maji mikononi. Aliniambia jina walilompa, jina la kwenye Maandiko, zuri, sitalitaja hapa. Nikamwambia achukue watu wake wakangoje nje, nibadilishe godoro la mgonjwa kabla hajashikwa na baridi.

Hapo ndipo mzee akaamka. Akagusa shingo, akatazama mkono wake umelowa. Akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa mzito wa maneno lakini hakuwa mjinga. Alimtazama binti yake muda mrefu, akauliza, "Nani?"

"Ni mimi, Baba," binti yangu akasema. Sifichi, hakudanganya. "Ni mimi niliwaita."

Mzee akasema neno moja tu baada ya hapo. "Kofia." Nikampa. Akaivaa juu ya nywele zilizolowa, akageukia ukuta.

Hakupokea tena uji mkononi mwa binti yake. Alifunga mdomo, na kijiko kikibaki hapo, kinabaki. Mkono wake ule mzima aliuficha chini ya blanketi binti yangu akiingia. Na si yeye peke yake. Mvulana alipoanza kuimba wakati wa kumwogesha, mzee aliinua ule mkono akamziba mdomo. Hakumpiga. Alimziba tu, kwa kiganja, mpaka akanyamaza. Mvulana wangu alimaliza kumwogesha kimya, machozi yanaingia kwa maji. Mlango ule niliofikiri Mungu anaingilia ulifungwa, na aliyeufunga ni mtu aliyekuja kuufungua kwa teke.

Nilimwambia binti yangu amwombe baba yake msamaha. Tulikuwa jikoni, tunapaa samaki.

"Nimwombe msamaha kwa kumwokoa?"

"Umemwibia. Mtu amelala, unamchukulia kitu ambacho hajakupa."

"Mama, wewe uko na yeye, unamsubiri aseme ndiyo. Akifa kabla? Utaniambia ameenda wapi?" Akaweka kisu chini. "Hata akinichukia, sawa. Mradi nimkute kule."

Nikajikuta natazama miguu yangu, kama yule katekista.

Mzee alikufa bila kumtazama binti yake tena. Nilimsihi. Nilimwambia, "Ni mtoto wako, amefanya kwa woga, mpe mkono tu." Alinisikia. Mkono ulibaki chini ya blanketi. Alikuwa mtu mzuri na alikufa na jiwe moyoni, jiwe ambalo hakuwa nalo kabla ya ile ndoo.

Kuhusu mazishi sitasema mengi. Kanisa langu lilisema hakubatizwa, na kama alibatizwa basi ni na kanisa wasilolijua, kwa hiyo hakuna ngoma. Akina mama wengi walikaa kwao. Wachache walikuja bila yunifomu, na leso zao za kawaida, wakawasha moto na kupika. Mwenyekiti wetu wa akina mama alikuwa mmoja wao, na ndiye mkali kuliko wote kanisani, anafukuza wasichana kwa nguo fupi. Nilimwuliza kama haogopi katekista. Alisema, "Yunifomu nimeiacha kwa nyumba. Mikono nimekuja nayo. Hizi viazi zimemenywa?" Na rafiki yangu mpole, aliyekula kwangu tangu tukiwa wasichana, hakufika hata langoni. Kwa hiyo usiniambie kwamba tofauti ya Wakristo ni upole na ukali. Nimelipima hilo pia, limeanguka.

Mchungaji wa Mamboleo alitaka kuongoza, akaanza kumtaja marehemu kwa lile jina jipya. Mvulana wangu alisimama, akamwambia, "Pasta, huku hakuna mtu anaitika jina hilo." Tukamzika bila maombi ya sauti. Mvulana aliomba kimya, midomo haitikisiki, kwa sababu alikumbuka kile kiganja. Kaburini aliweka ubao wa mashua, akauandikia jina ambalo mzee alipewa na mama yake, basi.

Baada ya mvua za kwanza nilikwenda kung'oa magugu, nikakuta ubao umepakwa. Msalaba juu, na chini yake lile jina la ubatizo, kwa rangi ya buluu, ile ya mashua. Nilijua ni nani. Alikuwa amekuja nikiwa sokoni, tena. Sikukasirika kwa kelele. Nilirudi nyumbani, nikachukua patasi ya mzee kwenye sanduku lake la kazi, nikakaa chini pale kaburini nikaparua. Binti yangu alinikuta hivyo. Alikuwa ameleta watoto waone.

"Mama, unafanya nini?"

"Namrudishia jina lake."

"Unamrudisha motoni!" Alianguka chini, akashika ule ubao kama mtu anayeshika mguu wa mtu. "Mama, unamrudisha motoni kwa mikono yako!"

Watoto walianza kulia. Mimi niliendelea kuparua. Ningefanya tena leo. Lakini msifikiri nilikuwa na nguvu. Ninaamini yote ambayo binti yangu anaamini. Moto ule anaouogopa, mimi ndiye niliyemfundisha. Sijui mume wangu yuko wapi, na kila nikipiga magoti kuuliza, sisikii kitu. Najua tu kwamba alisema hapana, akiwa macho, mara nyingi, na mimi nilikuwepo.

Rangi ya mashua haitoki kabisa. Ubao ukikauka huoni kitu. Ukinyeshewa, zile herufi zinarudi, hafifu, ndani ya mbao.

Binti yangu haji tena, wala haniletei wajukuu. Nikimpigia simu anapokea. Ananiuliza mgongo wangu, ananiambia watoto wazima. Kisha anasema, "Mama, tuombe," na anaanza. Zamani aliniombea afya. Sasa ananiombea nifunguliwe macho, nitoke gizani, nimjue Bwana kabla siku zangu hazijaisha. Ni yale maombi aliyomwombea baba yake. Mimi, niliyembeba mgongoni kwenda kanisani, namsikiliza mpaka mwisho, kisha nasema amina, kwa sababu nisiposema, atakata simu, na sitakuwa hata na sauti yake.