Risasi Nyepesi za Verna

Verna Stuckey alikuwa na miaka hamsini na minane alipofeli mtihani wa shabaha. Alikuwa mlinzi mlangoni pa mahakama ya wilaya yetu, huku Wyoming, Marekani, kwa miaka kumi na mmoja, nami nilikaa dawati la pili nikipokea mafaili. Kila masika walinzi hupiga risasi hamsini, na thelathini na tano lazima zipate shabaha. Yeye alipata ishirini na nane. Akapewa wiki tatu arudie, la sivyo aache kazi.

Nilipomsindikiza mazoezini nikaona tatizo. Bastola ilikuwa ya silinda, aliyoachiwa na marehemu mumewe, na risasi zake za magnamu, zenye baruti nyingi, zilipiga teke kama nyumbu. Kabla hajafyatua, macho keshafumba. Tena zilikuwa ghali. Akipiga kumi tu, anakusanya vitu vyake anarudi nyumbani.

Tukaenda dukani kwa Orville Pruett, muuza silaha. Kwenye kaunta palikuwa na mfuko wa risasi za maganda yaliyokwisha kutumika, yaliyojazwa baruti upya kwa mkono, bei ya kutupa. Verna akaudaka.

"Weka chini!" Orville akamkaripia. "Kuna mtu kauacha hapa asubuhi, wala sijui kazijaza nani. Vidole vyako huvitaki?"

"Ninachotaka ni kazi yangu, Orville."

Orville akaomba bastola, akahakikisha haina kitu, akasoma maandishi ya kwenye mtutu. Kisha akatoa boksi moja nyuma ya kaunta. "Hizi za kipimo cha thelathini na nane, za kiwandani. Fupi kidogo, unene ule ule, zinaingia humo humo. Teke dogo, bei karibu nusu. Ila usije ukatia magnamu kwenye bastola ya thelathini na nane."

"Miaka yote hii mbona hukuniambia?"

"Ungeuliza! Unaingia, unasema 'magnamu,' unatoka umenuna. Nani angekusogelea?"

Verna akacheka mpaka akajifuta machozi. Akanunua maboksi sita ya kuanzia.

Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kazi alikwenda kupiga boksi zima. Risasi fupi ziliacha masizi ndani ya silinda, naye akayasugua kwa mswaki jikoni. Wiki ya pili macho yakaacha kufumba. Lakini wasiwasi haukumwisha: je, zingekubaliwa kwenye mtihani? Akampigia simu msimamizi wa mtihani kumuuliza.

"Sheria inasema ziwe za kiwandani tu, mama," akajibiwa. "Ukali wa teke hatuupimi."

Siku ya mtihani nilisimama nyuma ya kamba. Msimamizi akahesabu matundu, akarudia kuhesabu.

"Arobaini na tatu."

Verna akaketi palepale kwenye changarawe na sare yake ya kazi.

"Nipe dakika moja," akaniambia.

Nikaketi pembeni yake. Jumatatu alikuwa mlangoni kama kawaida, akimuuliza mshtakiwa mmoja habari za mama yake.