Asali ya Mdomo wa Juu

Hadi leo nikifungua chupa ya asali, roho inaniuma.

Mdogo wangu alifika miaka mitano bila kusema neno la kueleweka. Kila Jumamosi sista wa misheni alikuja kwetu Bondeni, akampaka asali juu ya mdomo ailambe, ulimi upate nguvu. Mimi nilimeza mate tu.

Siku moja nami nikajifanya mgonjwa wa ulimi.

"Haya, sema reli," sista akaniambia.

"Leli," nikajibu, mdomo nimeshautoa.

Mama akacheka. "Sista, huyo ni mzima. Kwetu sote ndivyo tunavyosema, hata baba yake anafanya kazi ya leli."

Mdogo wangu akamaliza kulamba, akanitazama.

"Reli," akasema, safi kabisa.

Mama akalia kwa furaha. Sista akamwongeza asali.