Kivuli cha Saa Nne

Juzi nilishuka Ruiru kumwona mjukuu wangu, nikamkuta anahangaika na hesabu: mlingoti wa bendera una kivuli cha mita kadhaa, fimbo ina chake, tafuta urefu wa mlingoti. Akaanza kunieleza polepole, kwa sauti ile watoto wanayotumia wakiongea na wazee. Nilicheka mpaka miwani ikanianguka. Rafiki yangu, swali hilo nililifanya kabla mama yake hajazaliwa, na mimi sikupewa alama. Nilipewa nyumba ya nyanya yangu.

Miaka ile ya mwisho ya hamsini niliishi na nyanya, tuliyemwita cucu, katika kijiji ambako watu walihamishiwa wakati wa Hali ya Hatari. Nyumba aliijenga mwenyewe. Alibeba fito mgongoni, akakanda udongo kwa miguu, akaezeka kwa nyasi alizokata mbali. Ndani mlinukia moshi na githeri ya mahindi na maharagwe. Mbele ya nyumba ulisimama mkaratusi mkubwa, na shina lake lilianza kuoza upande uliotuelekea.

Jirani yetu alikuwa mpasua mbao katika kiwanda kimoja Thika, akirudi kwa baiskeli kila Ijumaa jioni. Aliugonga ule mti kwa kisogo cha shoka, akasikiliza.

"Huu utaangukia huku tu, cucu. Afadhali tuukate kabla upepo haujauangusha. Lakini nyumba tuivunje kwanza."

Nyanya akakaa chini pale pale. Mvua za masika zilikuwa karibu. "Nitajenga tena na mikono ya nani?" akauliza.

Mimi nilikuwa msichana wa darasa la sita, na mdomo sikukosa. Nikasema tuupime kwanza. Kama hauifikii nyumba, nyumba ivunjiwe nini?

Wiki hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha pembetatu zinazofanana. "Jua ni moja," alipenda kusema, akigonga ubao. "Likimpiga mrefu, linampiga na mfupi." Ukijua urefu wa fimbo na wa kivuli chake, mti hauwezi kukuficha urefu wake, mradi upime vivuli vyote viwili kwa wakati mmoja. Nilipomweleza shida ya nyanya, aliniandikia maagizo kwenye kikaratasi, kwa Kiingereza cha shule, pamoja na saa ya kupima: 4.

Rula yangu ilikuwa ya futi moja, isingeweza mti. Kwa hiyo nilimpa jirani kikaratasi, aupime mti kwa tepu yake ya kiwandani, nami nikachukua fimbo ya futi sita nikaenda nayo mtoni, kwa maana Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Treni ya saa nne ilipopita ikielekea Thika, niliacha nguo kwenye mawe, nikaisimamisha fimbo mahali tambarare na kupima kivuli chake. Futi nne kamili. Nilirudi nyumbani jioni nikiimba.

Jirani alikuwa amepigilia kigingi mahali kivuli cha mti kilipoishia: futi tisini. Nikapiga hesabu mara tatu, na mara zote tatu nikapata mti wa futi mia moja thelathini na tano. Kutoka shinani hadi ukutani kwa nyanya ilikuwa futi sabini.

"Asante, mwari," nyanya akaniambia. "Angalau nimejua." Kisha akaanza kutoa vyungu vyake nje, kimoja kimoja. Neno hilo la asante liliniuma kuliko kiboko.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilikwenda kukaa karibu na kile kigingi nikiwa nimenuna. Ndipo nikaona kitu. Kigingi kilikuwa upande wa mashariki. Saa nne asubuhi jua lenyewe bado liko mashariki, kwa hiyo kivuli hulala upande wa pili. Nikakimbia kwa jirani.

"Baba, ulipima saa ngapi?"

"Saa nne, kama karatasi irivyosema."

"Saa nne gani?"

"Foo oklok! Saa ya Wazungu. Wewe unafikiri kiwandani tunatoka kazi saa gani?"

Alikuwa amepima saa kumi jioni! Mwalimu aliandika saa ya Kiingereza, jirani akaisoma kwa Kiingereza, na mimi, hodari wa darasa, nikaisoma kwa Kiswahili.

Siku hiyo hiyo, saa kumi, tulipima vyote viwili bega kwa bega. Mti ulitoa futi tisini tena. Fimbo ilitoa tisa. Mti ulikuwa wa futi sitini.

"Zinabaki futi kumi, cucu," nikasema.

Jirani akakuna kichwa. "Jana arisema mia na zaidi. Nyumba ni yako, cucu, uamue."

 Nyanya akainama, akachukua chungu, akakirudisha ndani.

Jumatatu jirani hakwenda Thika. Msumeno ulipofika katikati ya shina nilifumba macho. Nikasikia mlio, kishindo, halafu harufu kali ya majani ya mkaratusi ikanijaa puani. Nilipofumbua macho, nyumba ilikuwa imesimama. Nyanya alikuwa tayari yuko kwenye jani la mwisho, akitembea kuelekea ukutani, unyayo mbele ya unyayo, akihesabu kwa sauti. Alipogusa ukuta akasema, "Tisa iliyojaa." Hivyo ndivyo wazee wetu walivyosema kumi, kwa kitu walichokipenda, wasikitie mkosi. Nililia, na nilijivuna. Mpaka leo najivuna, wala sioni haya.

Kijiji kile hakipo tena. Pale uani pamejengwa ghorofa za kupangisha, na wapangaji hawajui kama paliwahi kuwa na mti. Mwalimu na jirani wamekwenda. Nyanya aliishi katika nyumba ile mpaka siku zake zilipoisha. Ilianguka yenyewe miaka miwili baadaye, ilipokuwa haina tena mtu wa kumkinga na mvua.