Chupa Niliyoitikisa Mbele ya Baba Mkwe

Naona aibu hata kusimulia, kwamba mimi ninayesomea kemia chuo kikuu niliumbuliwa na somo la kidato cha pili, tena kwetu Kamachumu, mbele ya baba wa mchumba wangu, Ta Kamugisha, aliyetoka Rubya kuja kunisikiliza.

Shule niliyosoma iliniomba nieleze utafiti wangu, nikabeba chupa ya maji yenye asidi kidogo na polima zangu ndani, yaani nyuzi ndogo zisizoonekana, kila uzi una pande mbili, mmoja unapenda maji siku zote na wa pili unayapenda penye asidi tu, ukiipunguza asidi ule wa pili unayakimbia maji, basi nyuzi zinajikusanya zenyewe kuwa vijipira vidogo mno, vinavyoweza kubeba dawa na kuiachia vikifika penye asidi, kama kwenye uvimbe wa saratani. Maji maangavu yanaingia ukungu huku unatazama. Nilitaka Ta Kamugisha aone, maana alishamuuliza mwanawe, "Huyo binti anasoma nini kisichoonekana?"

Sasa dawa ya kupunguza asidi niliiacha nyumbani kwa dada yangu, huko Nyanga nilikopitia (kichupa kilivuja, nikaogopea gauni), nikajisemea magadi ya jikoni kwa mama yatatosha.

Nikatia magadi, nikafunga, nikatikisa kama ninavyotikisa maabara, na chupa ilipokakamaa mkononi ndipo nikakumbuka magadi na asidi hutoa gesi, nikafungua kwa pupa, povu likamrukia Ta Kamugisha usoni na kwenye koti, linanata, nikamfuta kwa kitambaa cha ubaoni, nikampaka chaki. Wanafunzi wakacheka, mwalimu mkuu anawakemea huku naye anacheka.

"Waitu, inaunguza?" mama, aliyekaa kando yake, akamuuliza mgeni kwa heshima.

"Haiunguzi," nikajibu mimi, "ni kama maji ya ndimu."

Na kilichoniudhi kuliko vyote, mabaki chupani yalikuwa yameingia ukungu safi kabisa, vijipira vimejikusanya, lakini kila nikiinua chupa watu wanainama chini ya madawati.

Watu walipotoka, Ta Kamugisha akabaki, akaichukua chupa akaiinua dirishani, akaitazama kwa muda.

"Hii ndiyo itaingia mwilini kwa mgonjwa?"

"Ikikamilika, baba. Bado sana."

"Basi msiitikise," akasema, akanirudishia.

Posa haikuvunjika. Ila nimeapa, jaribio ambalo sijalifanya kwanza peke yangu, kwa vitu vilevile, silifanyi mbele ya watu, na wakwe nitawakalisha nyuma kabisa.