Tulitoroka kwenda kuoana msituni Kahuzi, gorila wakatunyamazisha

Wakuu, amani kwenu nyote.

Leo nawaletea jambo lililonipata mimi mwenyewe, na si chai. Mimi ni maman wa Bukavu, nina wajukuu, sina tena mtu wa kumvutia kwa uongo.

Ni miaka ya Zaïre, wanaume na makoti yao ya abacost, sisi na vitenge vyetu vya pagne. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Nikapendana na Kashindi, fundi wa magari kutoka Sange, kule bondeni njia ya Uvira. Mtu mpole, wa maneno machache. Mwenye mdomo ni mimi, hata leo.

Papa hakumkataa. Shida ilikuwa dada yangu Furaha, mkubwa wangu, ambaye alikuwa hajaolewa. Kwa papa, mdogo hamruki mkubwa. Kila Kashindi alipotuma wazee wake, jibu lilikuwa lile lile: "Mungojee kwanza Furaha."

Tukangoja. Tukangoja mpaka wenzangu niliosoma nao wakaanza kuniletea watoto wao darasani. Jamani, subira huvuta heri, lakini yangu ilikuwa inavuta mvi.

Padri naye alitaka kumwona papa kwanza. Basi tukaamua kutoroka.

Mpango ulikuwa huu: twende parki ya Kahuzi, tusimame msituni, tuape mbele ya Mungu na marafiki wawili, halafu tuteremke moja kwa moja hadi Sange kuanza maisha. Wazo la msitu lilikuwa langu. Nilisema kama papa hanipi harusi, nitajipa mwenyewe, tena nzuri kuliko zote za mjini.

Lakini niliogopa. Kwetu, msichana aliyeondoka hivyo anaweza kufungiwa mlango asiitwe tena mtoto wa nyumba. Na papa yangu nilimpenda sana, pamoja na hasira zangu zote.

Asubuhi tukapanda camionnette, gari dogo la mizigo, la Bahati, rafiki wa Kashindi. Upande wangu alikuwepo Zawadi, mwalimu mwenzangu. Tukapita Mudaka, wanawake wako mashambani na majembe, tukaanza kupanda kwenye baridi.

(Vijana mtadai picha. Simu tungeitoa wapi? Mniamini hivyo hivyo.)

Guide wa parki alituongoza kwenye matope na mianzi mpaka mahali peupe tulipomwomba. Kufika, familia nzima ya gorila imekaa pale pale! Baba yao mwenye mgongo mweupe anakula majani bila haraka.

Guide akatunong'oneza: "Musiseme ata neno moja. Ule mukubwa hapendi sauti ya watu."

Tukangoja waondoke. Hawakuondoka. Mawingu yakaanza kushuka. Kashindi akanitazama, akatoa pete, akanivika. Nikamvika yake. Hakuna aliyefungua mdomo, hata mimi! Zawadi analia, amejiziba kwa kitambaa. Nilifurahi sana, wakuu. Nilijiona mke wa mtu.

Mvua ikaanza, guide akatuteremsha mbio. Kiapo hatukukisema.

Sasa, kwenda Sange lazima upite tena Bukavu. Tulipokaribia mtaa wetu, Kadutu, machozi yakanishika. Nikamwambia Bahati asimame. Kashindi alitaka tushuke wote, nikakataa, nikamwogopea. Nikaingia peke yangu.

Papa alikuwa ameketi, maman na Furaha wanachambua maharagwe. Macho ya papa yakaenda kwenye kidole changu.

"Hiyo iko nini?"

Nikapiga magoti, nikasema yote. Maman akashika kichwa. Papa akauliza polepole:

"Na nani alikutoa?" Kwetu binti hutolewa: mzazi humkabidhi kwa mume kwa neno la mdomo.

"Hakuna mutu, papa."

"Mulisema nini huko?"

"Hatukusema kitu. Guide alitukataza juu ya gorila."

"Ata neno moja?"

"Ata moja."

Akasema: "Basi hamuyaowana bado. Ungali mutoto wangu."

Furaha akaacha maharagwe. "Papa, mimi sikuomba mutu aningojee. Mumutoe, aende kwake."

Papa akamgeukia dada yangu. Nadhani siku zote hizo hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mimi.

"Mwite ule bwana," akasema. "Asisimame ku barabara kama mwizi."

Kashindi akaingia na matope yake. Papa akasimama, akafunga vifungo vya abacost, akanishika mkono.

"Mimi, papa yake, namutoa. Namutoa mbele ya mama yake na dada yake."

Kwenye "namutoa" ya pili sauti ilimkatika. Sikuwahi kumsikia hivyo. Nikalia kama mtoto mdogo.

Kashindi akajibu, "Nimepokea, papa." Padri alitufungisha ndoa baadaye, lakini mimi nahesabu kuanzia jioni ile.

Wakuu, nilidhani papa ananinyima harusi. Kumbe alikuwa ametunza neno moja la kunisemea, na nusura nimwibie.

Ukitaka kutoroka, toroka. Lakini mbakishie mzazi wako neno lake. Mimi sikuwa na akili hiyo, ni gorila walionisaidia.

Kwenu hilo neno hutolewa na nani? Na kama papa hayupo tena, mlifanyaje? Nawasoma.