Mabega ya Mama Ndoo

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. La, nisiwadanganye. Sabini na nane ndio mwaka niliong'oka jino hili la mbele, na siku ninayoisimulia nilicheka nikiwa na meno yangu yote. Basi ni sabini na saba.

Nilikuwa mpiga pasi katika duka la shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Duka lenyewe chumba kimoja: cherehani mbili, meza yangu na pasi ya mkaa, pazia la kubadilishia nguo, na katikati kiti kisicho na mikono. Kiti hicho ndicho kilichompa shemeji jina. Mafundi wengine humpima mwanamke amesimama wima, halafu wanamwambia amependeza. Yeye alisema mwanamke wa ofisini si mlingoti wa bendera. Anakaa, anainama, anafikia faili lililo juu ya kabati. Kwa hiyo ukishavaa anakuonyesha kiti: "Kaa tuone." Sketi ikipanda au kifungo kikilia, vua. Mji mzima ukamwita Kaa Tuone.

Nguo alizitoa kwenye marobota ya mitumba, akazifumua na kuzishona upya. Kazi ya kwanza ilikuwa kukata kwa wembe kile kitambaa cha shingoni chenye namba ya saizi. "Namba ni ya viatu," alisema. Na katika miaka yote ile sikumsikia akimlaumu mwanamke kwa mwili wake. Lawama zote zilikwenda kwa nguo. Koti likigoma kufunga kifuani, alilisema mbele ya mteja: "Hili halina adabu, tulitafutie lenye malezi." Akaleta la kifungo kimoja, lililo wazi shingoni. Mwenye nyonga pana na kiuno chembamba alimpa sketi inayotosha nyonga, kisha akapunguza kiuno. Mfupi alimvalisha koti na sketi za rangi moja, asije akakatwa katikati kama mkate. Mwembamba mrefu alifungwa mkanda. Mke wangu naye alishonewa gauni la kazi ambalo... lakini hilo nitalieleza nikikumbuka.

Basi akaja Mama Ndoo. Alikuwa mfagizi wa zahanati kwa miaka tisa, na jina alilipata kwa ndoo ya maji aliyokuwa haiachi mkono. Cheti chake cha shule alikuwa nacho, amekifunga kwenye nailoni. Sasa ameitwa kwenye usaili wa ukarani wa mapokezi, palepale zahanati. Lakini alikuwa na hofu. Mwaka uliotangulia aliitwa hivyohivyo, akaulizwa jina lake, likapotea. Alisimama mbele ya watu watatu kama aliyemeza funguo, akarudi kwenye ndoo yake.

"Dada," alimwambia shemeji, "safari hii nikinyamaza tena, sitaitwa tena."

Shemeji akamkalisha kitini akamtazama. Ndoo ya miaka tisa ilikuwa imelishusha bega lake la kulia. Akachukua koti la kijivu, akaweka alama za chaki: kisponji kinene cha kuinua bega la kulia, chembamba la kushoto, kiuno kipungue hapa na hapa. Akalitundika, akaenda kutafuta vifungo.

Mimi, kwa bidii yangu isiyo na akili, nikalichukua nikalipiga pasi kwa kitambaa chenye maji. Kulinyanyua, chaki yote imekwenda! Alama za kiuno nilizibahatisha kwa mikunjo. Mabega je? Nikamkumbuka Mama Ndoo alivyokaa mbele yangu: bega lililoshuka lilikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto. Nikachukua chaki, nikaandika kisponji kinene kushoto. Mtu akikukabili, kulia kwake ni kushoto kwako, hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Mimi niliishia la nne.

Shemeji akarudi. Akalitazama koti, akanitazama mimi.

"Pasi ilikuwa ya moto leo?"

"Ya kawaida tu, shemeji."

Akakaa akashona.

Kesho yake usaili ulikuwa saa nne. Saa mbili Mama Ndoo alikuwa mlangoni. Koti alilifunga vifungo vikapishana matundu, hata nilimsaidia mimi. Akakaa kitini. Lo! Bega la kushoto limepanda karibu na sikio, la kulia limelala kama paa la jirani mvivu.

Akajitazama kwenye kioo. "Dada, mbona kama nimebeba ndoo mbili mkono mmoja?"

"Na zote zimejaa," akasema shemeji.

Nikaona hapana budi. "Shemeji, ni mimi. Nilifuta chaki, nikaandika ya kwangu."

"Hee! Kumbe tuna fundi mwingine humu? Mwandishi wa mabega!"

"Muulize kulia kwake ni wapi!" akasema Mama Ndoo.

Nikanyoosha mkono, na wallahi nikanyoosha wa kushoto. Mama Ndoo akacheka mpaka akashikilia kiti. Shemeji akavuta uzi mmoja kila bega, visponji vikatoka vyenyewe, akavibadilisha, na saa tatu haijafika koti lilikuwa limenyooka. Safari hii Mama Ndoo alilifunga vifungo mwenyewe. Aliondoka akicheka njia nzima, tulimsikia mpaka kwenye kona.

Baadaye alitusimulia. Mkuu wa zahanati alimwuliza anachekea nini, naye akaanza: "Mimi naitwa fulani, na koti hili lina kisa." Walicheka wote watatu. Alikaa dirisha lile la mapokezi miaka ishirini na mbili.

Mimi nilibaki na jambo langu. Koti lile lote lilikuwa la cherehani, kiuno, mikono, upindo, bitana, mishono midogo huwezi kuifumua bila wembe. Mabegani tu ndiko kulikopigwa bandi, uzi wa mkono wa kuvuta mara moja. Nilimwuliza shemeji, akasema, "Pasi yako inapoa." Nilimwuliza Mama Ndoo, akacheka. Mke wangu akasema nimwulize dada yake. Sasa shemeji ametangulia, na kiti kiko kwangu, ndicho nilichokalia ninapoandika haya. Shemeji, bega lililoshuka ulilijua: kwa nini ulishona nilivyoandika mimi, na mabega peke yake ukayapiga bandi?