Kifuniko cha Ma Koku

Harufu ya buni ikikaangwa kwenye kigae ndiyo iliyokuwa inaniamsha, na sijapata saa nyingine isiyokosea vile. Msimu ule wa mavuno nilikuwa darasa la nne, nakaa Hamugembe kwa shangazi yangu, Ma Koku. Majirani walikuwa na mibuni mpaka mlangoni, lakini asubuhi wanakunywa chai. Kahawa kwao ilikuwa ya kuuza, au ile ya kutafuna. Ma Koku alikunywa ya kwake, tena kwa kipimo: kikombe kimoja cha maji, kifuniko kimoja cha kopo la mafuta ya kujipaka. Kikishajaa, anapitisha kijiti juu mpaka kahawa inakuwa sawa kama imepigwa pasi. Mpaka leo sijaona fundi anayesawazisha sakafu vile.

Siku wageni walipokuja kutoka Muleba kumposa binti yake, Adela, nikaachiwa jiko. Vikombe sita, vifuniko sita. Sasa mimi ndiye niliyekuwa natumwa maharage Kashai, na kule muuzaji akikupimia bila kilima juu, ujue hakupendi. Nikajiuliza, wakwe ndio wapimiwe kahawa iliyokatwa kichwa? Nikaweka vilima. Kwa heshima ya Adela nikaongeza vingine vitatu.

Adela akachungulia birika. "We mtoto, umepika lami?"

"Ni ya wageni," nikamjibu.

"Wakighairi, utanitafutia mwingine wewe."

Kupika nyingine hakukuwa na muda, Ma Koku alishachukua sinia. Na kwetu mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, wageni wote wakimwangalia. Mshenga wao alikuwa mzee mmoja ambaye tangu akae alikuwa anahesabu nyufa za ukuta. Ma Koku akanywa. Uso haukutikisika. Mimi niliyekaa chini ndiye niliyeona kidole gumba cha mguu wake kikijikunja kwenye mkeka.

"Lete maji ya moto, mwanangu," akasema taratibu, kama jambo lililopangwa tangu jana. Akamimina kahawa nusu kikombe kwa kila mgeni, akaanza kuongeza maji huku anaangalia rangi tu, bila kifuniko, bila kijiti.

"Ma, huku kwenu maji mnaongezea mbele ya mgeni?" mshenga akauliza.

"Ndiyo, waitu," akamjibu kwa neno letu la heshima. "Mgeni aone mwenyewe kilichoingia kwenye kikombe chake."

Mzee akaonja, akaonja tena. Halafu akasogeza kikombe aongezewe, na nyufa akaacha kuzihesabu. Walipoondoka na jibu zuri, nilisubiri fimbo. Nikapewa kifuniko na kijiti, nisawazishe mpaka jioni, na nikimwaga naanza upya.

Siku hizi napanga chumba Kashai na kahawa nachota kwa kijiko, kwa kukadiria. Leo inatoka maji ya kuoshea vyombo, kesho lami. Ule mkono wa Ma Koku sijaufikia. Mwaka huu nilikwenda Muleba kwa Adela, bintiye akaniletea kahawa nzito, nusu kikombe, akasimama mbele yangu na birika la maji ya moto.

"Usishangae, mama mdogo," akaniambia. "Hii ni mila ya ukoo wa mama, tangu enzi za mababu."

Adela akaangalia dari. Mimi nikasogeza kikombe.